Sekunde 25 kati ya Pointi na Pointi

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo, na wote ulio nao hawajambo. Mimi ni mzima, ila macho yana usingizi kidogo, na sababu yake ndiyo hiyo uliyoiuliza katika barua yako. Umesikia kwamba siku hizi nakesha nikitazama tenisi, ukataka kujua nimeona nini kwa watu wawili wanaorudishiana mpira mpaka mmoja achoke, mimi ambaye tangu utoto nimekuwa mtu wa soka kama wewe. Nitakujibu kwa kirefu, maana jambo hili limenikaa moyoni na bado sijapata wa kumweleza.

Nianze na kile ninachokitazama. Watu wengi huufuata mpira unapokwenda na kurudi. Mimi najikuta nikitazama yanayotokea mpira ukishakufa. Kati ya pointi moja na inayofuata mchezaji ana sekunde 25 tu, na saa inahesabu hadharani. Mtu ametoka kupiga mpira wavuni, tena mpira rahisi, mbele ya maelfu ya watu. Anageuka. Anafuata taulo, anajifuta uso, anazinyoosha nyuzi za raketi kwa vidole ingawa hazijapinda, anadundisha mpira mara kadhaa, kisha anainua macho. Maria Sharapova alikuwa akimpa mpinzani mgongo na kuuelekea ukuta wa nyuma kabla ya kuanza upya. Rafael Nadal alikuwa na utaratibu wake usiobadilika: nywele, pua, masikio, na chupa zake mbili za maji alizozipanga chini kwa uangalifu kando ya kiti. Kuna wanaouita ushirikina. Mimi naona ni namna ya mtu kuimaliza pointi iliyopita kabla hajaigusa inayokuja, na sijui kazi nyingine ambapo binadamu anatakiwa kufanya hivyo mara mia mbili kwa siku moja huku akitazamwa.

Ili unielewe, nikupitishe haraka kwenye hesabu. Gemu huenda 15, 30, 40, kisha imeisha; mkifika 40 kwa 40, mmoja lazima apate pointi mbili mfululizo. Gemu sita kwa tofauti ya mbili ni seti. Kwenye mashindano makubwa manne, yaani Melbourne, Paris, Wimbledon na New York, mwanamke anahitaji seti mbili ili ashinde na mwanamume seti tatu. Seti ikishakwisha, yaliyokuwamo yanafutwa: aliyeipata kwa 6–0 na aliyeipata kwa 7–5 wote wana seti moja tu mkononi. Zaidi ya hayo, mechi haina dakika tisini. Timu yako ikiongoza mabao mawili dakika ya 85 inaweza kurudisha mpira nyuma, beki akajilaza chini akishika goti, na muda ukaisha. Kwenye tenisi huwezi kuyatorokea matokeo namna hiyo. Pointi ya mwisho lazima uishinde mwenyewe, dhidi ya mtu asiyetaka uipate, na mpaka uipate, yule mwenzako hajashindwa.

Sasa sikiliza hesabu iliyonifanya nikae kitako. Roger Federer, bingwa wa mataji 20 makubwa, alialikwa Juni 2024 kuzungumza na wahitimu wa chuo cha Dartmouth, Marekani. Akawaambia kwamba katika mechi 1,526 alizocheza peke yake, alishinda karibu asilimia 80. Kisha akawauliza wanadhani alishinda asilimia ngapi ya pointi. Jibu ni 54. Mtu ambaye wengi wanamhesabu kuwa fundi kuliko wote waliowahi kushika raketi, karibu nusu ya pointi zote alizocheza maishani alizipoteza! Tena mwaka 2019, kwenye fainali ya Wimbledon dhidi ya Novak Djokovic, alipata pointi 218 na Djokovic 204, akawa na pointi mbili za ubingwa mkononi huku mpira wa kuanzisha ukiwa wake, na bado kombe likaenda kwa Djokovic. Nimelifikiria jambo hilo sana. Ina maana mchezaji wa tenisi hawezi kujizoeza kutokosea. Anachojizoeza ni kukosea na kubaki mzima, tena haraka, kabla sekunde 25 hazijakwisha.

Fainali ya Paris ya Juni 2025 ndiyo iliyonifunga kabisa. Jannik Sinner wa Italia alikuwa mbele seti mbili kwa moja dhidi ya Carlos Alcaraz wa Hispania, na katika seti ya nne akaongoza 5–3, Alcaraz akianzisha mpira, hesabu ikiwa 0–40. Pointi tatu za ubingwa, zote za Sinner. Alihitaji moja. Alcaraz akazifuta zote tatu, akaichukua seti, na baada ya saa 5 na dakika 29 akawa bingwa. Haijawahi kuwapo fainali ndefu kuliko hiyo Roland Garros, yaani kwenye shindano hilo la Paris. Ukijumlisha pointi zote, Sinner alipata 193 na Alcaraz 192.

Wote walimsifu Alcaraz, na anastahili. Lakini mimi usiku ule nilikuwa na Sinner. Nilijiuliza mtu anaamkaje kesho yake baada ya jambo kama hilo. Analala kweli? Akifumba macho, anaiona pointi ipi kati ya zile tatu? Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nasi husema hivyo kufarijiana msibani na kwenye hasara. Huyu alikuwa na wiki tano tu za kuutafuta uhunzi wake tena. Julai 13 alisimama kwenye nyasi za Wimbledon, fainali, mbele ya Alcaraz yuleyule. Akapoteza seti ya kwanza. Akashinda tatu zilizofuata, kila moja 6–4. Alipopata pointi ya ubingwa safari hii hakuonyesha haraka wala woga, aliidundisha mipira yake kama kawaida. Nilisimama peke yangu chumbani nikapiga makofi.

Lakini hao ni wakubwa, wana makocha, madaktari na fedha. Mtu ninayetaka umjue zaidi ni Mfaransa anayeitwa Nicolas Mahut.

Mwaka 2010 Mahut hakuwa na nafasi ya moja kwa moja Wimbledon. Ilimbidi apite kwenye mchujo, na huko kwenyewe alishinda mechi moja kwa 24–22 katika seti ya mwisho, kwa sababu wakati ule Wimbledon seti ya mwisho haikuwa na kikomo. Akaingia. Raundi ya kwanza akapangiwa Mmarekani John Isner, jitu la zaidi ya mita mbili linaloanzisha mpira kwa nguvu za ajabu. Walianza Jumanne, Juni 22, uwanja namba 18, mmoja wa viwanja vidogo. Giza likaingia wakiwa sare ya seti mbili kwa mbili. Jumatano wakarudi kumalizia seti ya tano, na wakacheza siku nzima bila kuimaliza. Ubao wa matokeo uligoma ulipofika 47–47, kwa kuwa walioutengeneza hawakuwaza kwamba mechi ya binadamu ingefika huko. Giza likawakuta tena, hesabu 59–59. Alhamisi wakarudi mara ya tatu. Isner akashinda seti hiyo 70–68. Saa 11 na dakika 5 za mchezo, gemu 183. Hakuna mechi iliyowahi kuikaribia kwa urefu.

Sasa angalia hili, ambalo wengi hulipita. Katika seti ile ya tano Isner ndiye aliyeanza kuanzisha mpira. Kwa hiyo kuanzia 5–4, kila zamu ya Mahut ilikuwa zamu ya kufa au kupona: akipoteza gemu yake moja, mechi imeisha. Alisimama kwenye mstari ule na kuikoa gemu yake zaidi ya mara 60, mfululizo. Isner akikosea alikuwa bado na nafasi. Mahut hakuwa nayo, kwa siku mbili. Alipiga mipira 103 ya kuanzisha ambayo mpinzani hakuigusa, na akashindwa. Picha zake baada ya pointi ya mwisho, ameketi amejifunika taulo, siwezi kuziangalia kwa muda mrefu. Na Isner? Raundi iliyofuata alikuwa hana miguu tena, akafungwa na Thiemo de Bakker seti tatu kwa bila, ya kwanza 6–0.

Mwaka uliofuata, kura ikawapanga Mahut na Isner pamoja tena, Wimbledon, raundi ya kwanza. Isner akashinda tena. Ningekuwa Mahut sijui kama ningetia mguu tena pale. Yeye alirudi tena na tena, na taratibu akaweka nguvu zake kwenye mchezo wa wawili wawili. Mwaka 2016, akiwa na Pierre-Hugues Herbert, alishinda Wimbledon ya wawili. Baadaye akakamilisha mataji yote makubwa manne katika mchezo huo. Watu bado wanamtaja kwa ile mechi aliyoshindwa, na mara nyingi hilo la pili hawalisemi. Mimi nimeamua kulisema kila ninapopata nafasi. Na tangu 2022 mashindano yote makubwa manne yamekubaliana kwamba seti ya mwisho ikifika 6–6 huamuliwa kwa gemu maalumu ya pointi 10, kwa hiyo rekodi ile haitavunjwa. Naona ni uamuzi wa huruma, ingawa nakiri kwamba moyo wangu wa ushabiki unaumia kidogo.

Jambo jingine linalonifanya niwaheshimu hawa watu ni maisha yao nje ya kamera. Mcheza soka ana klabu, ana mshahara, na akiumia yuko wa akiba. Mcheza tenisi amejiajiri. Tiketi za ndege, hoteli, kocha, mtaalamu wa viungo, vyote vinatoka mfukoni mwake, na asiposhinda halipwi cha maana. Chini kabisa ya ngazi kuna mashindano ya kulipwa ambayo zawadi yake yote kwa jumla ni dola 15,000 za Marekani, igawanywe kwa wachezaji wote wa wiki ile. Ondoa nauli uone kinachobaki. Pointi za orodha ya ubora nazo hudumu wiki 52 tu. Ulichokipata mwaka jana wiki hii kinaondoka wiki hii, na lazima ukitafute tena ili ubaki pale ulipo. Hata ushindi wa ujanani haukuvushi. Angella Okutoyi wa Kenya alishinda Wimbledon ya vijana ya wawili wawili mwaka 2022 pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, Mkenya wa kwanza kupata taji la vijana la ngazi hiyo, tukashangilia sote. Lakini kwenye tenisi ya wakubwa kijana huanza tena kutoka chini kabisa, na Okutoyi alianza huko.

Halafu fikiria hesabu ya kushindwa yenyewe. Shindano kubwa linaanza na wachezaji 128. Wiki mbili baadaye 127 wameondoka baada ya kufungwa, mmoja tu ndiye anayebaki. Karibu kila mchezaji duniani, karibu kila wiki, safari yake inaishia kwenye kupeana mkono na aliyemshinda. Kisha anafunga begi na kwenda mji mwingine kuanza tena. Wapo waliofanya hivyo kwa miaka kumi na tano bila kubeba kombe lolote la maana, nao walikuwa miongoni mwa watu mia bora zaidi duniani katika kazi yao.

Mara chache mlango hufunguka. Oktoba 2025, Shanghai, Valentin Vacherot wa Monaco alikuwa namba 204 duniani. Hata kwenye mchujo aliingia kwa sababu kuna waliojitoa. Akapita mchujo, akamfunga huyu na yule, akamtoa Djokovic nusu fainali, na fainali akakutana na Arthur Rinderknech, ambaye ni binamu yake wa damu. Akashinda. Hajawahi kuwapo bingwa wa mashindano ya ngazi ile, inayofuata chini ya yale makubwa manne, aliyetoka nafasi ya chini hivyo. Nililia, sikufichi. Na huku nalia nilikuwa nikiwaza namba 203 na namba 205, ambao wiki ile walifanya mazoezi yaleyale na hakuna aliyejua.

Kwa upande wa wanawake, aliyenigusa kuliko wote ni Ons Jabeur wa Tunisia. Alifika namba 2 duniani, Mwafrika na Mwarabu, akicheza mipira laini ya ujanja ambayo inampendeza hata mtu asiyejua sheria. Mwaka 2022 alifika fainali ya Wimbledon, akashinda seti ya kwanza, kisha Elena Rybakina akachukua mbili zilizofuata. Mwaka huohuo akapoteza fainali ya New York kwa Iga Świątek. Mwaka 2023 akarudi fainali ya Wimbledon, na akafungwa na Markéta Vondroušová. Akasema hadharani, machozi yakimtiririka, kwamba hajawahi kuumia hivyo kwa kufungwa. Nilipoanza kufuatilia habari zake nilimlinganisha na Jana Novotná wa Cheki, ambaye mwaka 1993 alikuwa akiongoza 4–1 seti ya mwisho ya fainali ya Wimbledon dhidi ya Steffi Graf, akabakiza pointi moja iwe 5–1, kisha mkono ukamsaliti. Akapoteza, akalia kwenye bega la Duchess wa Kent, mama wa familia ya kifalme ya Uingereza, wakati wa kukabidhiwa zawadi. Akapoteza fainali nyingine 1997. Mwaka 1998 akaishinda, karibu ana miaka 30. Nilitaka hadithi ya Jabeur iende vivyo hivyo. Nilikuwa nimeshamwandikia mwisho kichwani.

Julai 2025 Jabeur akatangaza kwamba anapumzika tenisi, kwa kuwa kwa muda mrefu hakuwa na furaha uwanjani. Kuna waliosema amekata tamaa. Hapo, swahiba, mimi nakataa kabisa. Mtu aliyerudi baada ya fainali tatu kama zile hana deni la uvumilivu kwa mtu yeyote. Na huu ndio upande wa sifa zetu mashabiki unaonisumbua. Tunampenda Nadal kwa sababu alishinda Paris mara 14, na ya mwisho, mwaka 2022, aliishinda mguu wake wa kushoto ukiwa umechomwa sindano za ganzi ili asisikie maumivu ya mfupa uliomsumbua tangu ujana wake. Namheshimu sana Nadal. Lakini yeye mwenyewe alisema hataki kuendelea kucheza namna hiyo, nami nikamwamini, na tangu hapo siwezi kushangilia maumivu kana kwamba ndiyo kombe. Naomi Osaka alipojitoa Paris mwaka 2021 akisema afya ya akili yake inahitaji mapumziko, alikuwa ameshashinda mataji makubwa manne. Ninamweka kwenye mstari uleule na Mahut, na ukipenda tubishane tukionana.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hilo, refu kama mechi ya seti tano. Sasa nina ombi. Shindano kubwa lijalo likianza, usisubiri fainali. Chagua mechi yoyote ya raundi ya kwanza, uwanja wa pembeni, kati ya watu wawili ambao hujawahi kusikia majina yao, na uitazame mpaka mwisho. Mtazame zaidi anayeelekea kushindwa: anavyotembea akifuata taulo, anakotazama wakati wa kubadilishana pande, kama anazungumza peke yake, na anachofanya kwenye pointi ya kwanza baada ya kupoteza seti. Kisha uniandikie umeona nini, usiniambie nani alishinda, hilo nitalipata mwenyewe.

Na timu yako je, kocha mpya anaendeleaje? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba hujamwamini. Nieleze yote, na mimi nitasoma neno kwa neno kama ulivyonivumilia hapa. Wasalimie wote.

Ni mimi rafikiyo wa siku zote.